Leontyne Price: alikula faida, mtaji hakuugusa

Mama yangu aliuza vitenge miaka mingi na sheria yake ilikuwa moja tu, mtaji hauliwi. Siku ikiwa ngumu tutakunywa uji, ada ikidaiwa ataenda mwenyewe kumwomba mwalimu mkuu amvumilie, lakini zile hela za kurudi Kariakoo kuchukua mzigo hagusi mtu. Faida ndo ya kula. Nimekua na hiyo sheria kichwani nikidhani ni ya biashara tu, mpaka nilipokuja kugundua kuna mwanamke huko Marekani alifundishwa hiyo hiyo kuhusu koo lake.

Anaitwa Leontyne Price. Ni mwimbaji wa opera, soprano, yani ile sauti ya juu kabisa ya kike, na ukiniuliza mimi nitakwambia ndo sauti nzuri kuliko zote zilizotoka Marekani karne iliyopita, najua watu watabishana na hilo na wabishane tu. Alipokuwa anasoma Juilliard, chuo cha muziki pale New York, mwalimu wake wa sauti alikuwa mama mmoja anaitwa Florence Page Kimball, na huyo ndo aliyemfundisha kwamba mwimbaji anatakiwa aimbe kwa faida, mtaji auache ulipo. Yani kile unachotoa jukwaani kiwe kile kilichozidi. Ukishaanza kuchota kule chini kabisa, jua duka linakufa hata kama leo wateja wanapiga makofi.

Naandika haya kwa sababu mwaka juzi mimi nilikula mtaji.

Niko sauti ya kwanza kwenye kwaya ya parokia hapa Dar, mwaka wa kumi na moja sasa. Ile Juma Kuu tulikuwa wachache, wenzetu wawili walikuwa wamesafiri, mmoja amejifungua, na mnajua Juma Kuu ilivyo kwa wanakwaya, Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu Mateso yanaimbwa yote, Mkesha wa Pasaka unaisha usiku sana, Jumapili misa mbili na ile Aleluya ya Handel ambayo sauti ya kwanza inapanda na kupanda na haishuki, halafu juu yake tulikuwa tumeshakubali harusi. Koo lilianza kukwaruza tangu Ijumaa. Nikanywa tangawizi nikaendelea. Jumatatu ya Pasaka naamka, nafungua mdomo nimwamkie mama, hakuna kitu kinatoka, hewa tu. Daktari wa koo akaniangalia akaniambia ninyamaze wiki tatu, hata kunong'ona asinisikie. Nikawa naongea kwa daftari na kalamu, na usiku nalala naogopa, maana mtu ambaye hajawahi kuimba hawezi kuelewa hofu ya kutojua kama sauti yako itarudi au ndo imeenda.

Ni kwenye hizo wiki tatu, niko kitandani na simu na spika za masikioni, ndo nikakutana na klipu ya huyu mama akiimba Aida tarehe 3 Januari 1985. Nitairudia hiyo klipu, subirini kidogo, kwanza nieleze alifikaje pale.

Kwa wale ambao hawajawahi kufuatilia opera, ni mchezo wa jukwaani ambao karibu kila kitu kinaimbwa, mtu anapenda kwa kuimba, anagombana kwa kuimba, anakufa kwa kuimba, na pale chini mbele ya jukwaa kuna okestra nzima. Halafu kikubwa, hakuna mikrofoni. Ukumbi wa Metropolitan Opera wa New York, ule wanaouita Met, una viti karibu 3,800, na sauti ya mtu mmoja inatakiwa ivuke okestra imfikie yule aliyekaa juu kabisa nyuma kabisa. Kwaya yetu ina spika nne na bado mzee wa mstari wa nyuma analalamika hasikii. Kwa hiyo ukisikia soprano ameimba opera miaka thelathini na zaidi na sauti ikabaki ina mng'ao ule ule, ujue huyo mtu alikuwa na akili ya kutunza kuliko kawaida.

Alizaliwa 10 Februari 1927 Laurel, jimbo la Mississippi, mji wa mbao. Baba yake, James, alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao, mama yake, Kate, alikuwa mkunga na alikuwa anaimba kwaya ya kanisa na sauti yake ilikuwa nzuri sana. Walikuwa wameoana miaka 13 ndo wakampata huyu binti, kwa hiyo pateni picha alivyopokelewa. Alipofika miaka mitano wazazi wakaitoa gramafoni ya nyumbani kama malipo ya kwanza ya piano. Kwa mtu wa mshahara wa kiwandani Mississippi ya miaka ile gramafoni ilikuwa kitu cha thamani, ndo burudani yenyewe ya nyumba, lakini waliitoa, nyumba ikabaki na piano na mtoto. Na hii ni Mississippi ya ubaguzi wa wazi kabisa, shule za weusi huku na za weupe kule, na kwa msichana mweusi mwenye sauti njia iliyoonekana ilikuwa awe mwalimu wa muziki basi. Na kweli chuoni Ohio alienda akiwa na lengo la kuwa mwalimu.

Lakini kabla ya hapo akiwa bado shuleni alipelekwa Jackson kumsikiliza Marian Anderson. Huyu Anderson ndo yule mwimbaji mweusi ambaye mwaka 1939 alinyimwa ukumbi wa Constitution Hall kule Washington kwa sababu ya rangi yake, akaimba nje kwenye ngazi za mnara wa kumbukumbu wa Lincoln, siku ya Pasaka, mbele ya watu kama 75,000. Price alimwona anatoka jukwaani kwa heshima ile, na maisha yake yote amekuwa akisema pale ndo kitu kiliwaka.

Halafu kuna suala la watu waliomchangia, na hapa nataka nikae kidogo maana kwetu michango tunaijua. Shangazi yake alikuwa anafanya kazi za ndani kwenye familia moja tajiri ya wazungu pale Laurel, akina Chisholm, na Bi. Elizabeth Chisholm alimsikia yule mtoto akicheza piano na kuimba akaanza kumwita kwake aimbe kwa wageni, na baadaye alimsaidia gharama za Juilliard. Na Paul Robeson, mwenye ile sauti ya besi iliyojulikana dunia nzima, aliimba kwenye konsati ya kumchangia hela za masomo. Mkunga, mpasua mbao, shangazi wa kazi za ndani, tajiri wa mtaa, msanii maarufu, wote wameweka kitu kwenye koo moja. Mi naona hapo ndo hata neno mtaji linapata uzito, kwa sababu haikuwa hela yake peke yake, kulikuwa na jasho la watu mle ndani.

Mwaka 1952 akachukuliwa kuimba Bess kwenye Porgy and Bess, opera ya Mmarekani Gershwin, wakazunguka nayo Marekani na Ulaya, Vienna, Berlin, London, Paris. Kabla tu ya kuvuka kwenda Ulaya akafunga ndoa na William Warfield aliyekuwa anaimba Porgy (ndoa haikudumu, walikuja kuachana kabisa). Ila kilichonigusa ni kanisa walilofungia. Ni Harlem, mtaa wa weusi pale New York, linaitwa Abyssinian Baptist Church. Abyssinia, yani Uhabeshi. Likumbukeni hilo.

Januari 1955 akaimba Tosca, opera ya Puccini, kwenye televisheni ya NBC, na baadhi ya vituo vya Kusini vikakataa kuionyesha, maana mwanamke mweusi alikuwa anaigiza mapenzi na mwanaume mzungu. Mwezi huo huo, tarehe 7, Marian Anderson alikuwa ndo kwanza amekuwa mweusi wa kwanza kuimba kama msanii mkuu Met, akiwa na miaka 57, umri ambao sauti nyingi zimeshaanza kuaga. Walimfungulia mlango jioni. Nikifikiria hilo huwa naumia kabisa.

Sasa tuje kwa Aida. Ni opera ya Verdi, mtunzi wa Italia, ilionyeshwa mara ya kwanza Cairo mkesha wa Krismasi 1871. Aida ni binti wa mfalme wa Uhabeshi ambaye ametekwa na sasa ni mjakazi kwenye jumba la Misri, hakuna anayejua yeye ni nani hasa, na amempenda jemadari wa Misri ambaye anaenda kupigana na baba yake mzazi. Mimi niliposoma hiyo hadithi nilikaa kimya, maana huku kwetu Uhabeshi ni jirani na habari ya binti kuchukuliwa utumwani avushwe mpaka nchi ya watu haihitaji Mwitaliano kuja kutuhadithia, pwani hii nzima ina kumbukumbu zake. Kwa miaka mingi Aida aliimbwa na wazungu waliojipaka rangi nyeusi usoni. Price mwenyewe alikuwa anasema kwamba kwa Aida ngozi yake ndo ilikuwa vazi lake.

Aliimba Aida San Francisco 1957, na alipata nafasi kwa sababu soprano aliyepangwa alilazwa kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Mei 1958 akaimba Vienna, aliyemwita ni Herbert von Karajan, kiongozi wa okestra aliyekuwa na nguvu kuliko karibu wote Ulaya. Mei 1960 akaimba La Scala, jumba la opera la Milano, nyumbani kwa Verdi mwenyewe, Mwitaliano anayejua kila noti ya Aida kakaa kwenye kiti anamsikiliza mtoto wa Laurel.

Na hapa katikati kuna jambo ambalo mimi ndo naliona kubwa kuliko tuzo zote. Mwaka 1958 mkuu wa Met, Rudolf Bing, alimwita aje aimbe Aida. Met! Kila mwimbaji wa Marekani anaota pale. Akakataa. Peter Herman Adler, yule aliyekuwa anaongoza opera ya NBC, alimshauri asikubali kuingia kwenye nyumba ile kwa mara ya kwanza akiwa mtumwa, aingie kama bibi mkubwa. Akasubiri. Hebu fikirieni una miaka 31, ni mweusi, hujui kama simu itapigwa tena, na unasema hapana asante. Sisi kwenye kwaya tunashindwa kusema hapana kwa harusi ya mtu tusiyemjua.

Simu ikapigwa tena. Tarehe 27 Januari 1961 akaingia Met kama Leonora kwenye Il trovatore ya Verdi, bibi wa jumba la kifalme Hispania, gauni refu, na usiku huo huo ndo tenori Franco Corelli naye alikuwa anaingia Met kwa mara ya kwanza, kwa hiyo ukumbi ulikuwa umeshaiva. Makofi ya mwisho yaligoma kuisha, wengi huwa wanayaweka kwenye dakika 42. Misa nzima ya siku za kazi haifiki dakika 42, jamani! Na hiyo hiyo awamu ya kwanza akaimba wahusika watano tofauti, Leonora, Aida (sasa akiwa ameshaingia kwa mlango aliouchagua), Donna Anna, Butterfly na Liù. Machi akawekwa kwenye jalada la jarida la Time.

Mnaona kinachokuja. Watano awamu moja, halafu Oktoba mwaka huo huo wakampa heshima ya kufungua msimu mpya kama Minnie kwenye La fanciulla del West ya Puccini, nafasi nzito ya kupigana na okestra mwanzo mwisho. Usiku wa kwanza ukapita vizuri. Onyesho la pili sauti ikaanza kuondoka akiwa jukwaani, taratibu, mbele ya watu, mpaka kufikia mwisho wa sehemu ya pili alikuwa anasema maneno kwa kelele badala ya kuyaimba, ikabidi Dorothy Kirsten aitwe haraka aje amalizie sehemu ya tatu.

Nilisoma hicho kipande nikiwa ndani ya wiki yangu ya pili ya ukimya na nikalia, sina namna nyingine ya kuliandika. Kwa sababu najua ile sekunde ambayo unapeleka hewa na noti haiji, unapeleka tena haiji, na mimi ilikuwa nyumbani asubuhi mbele ya mama yangu tu, yeye ilikuwa Met, mwaka wake mkubwa kuliko yote, na watu wanaotaka kusema tuliwaambia hawa hawawezi wapo wengi tu. Wengine walisema ni virusi, wengine wakasema ile nafasi haikuwa ya sauti yake. Alichofanya ni kupumzika wiki kadhaa, akarudi, akaona bado, akaenda Roma kukaa pembeni miezi kadhaa, na Aprili 1962 akarejea Met na Tosca.

Baada ya hapo ukiangalia alivyopanga kazi unaona mtu ambaye hakurudia kosa. Verdi, Mozart, Puccini wa saizi yake. Mwaka 1964 alienda na Met Atlanta akaimba Donna Anna, mweusi wa kwanza kuimba nafasi kuu na hiyo kampuni Kusini, na mwaka huo huo Rais Johnson akampa Nishani ya Uhuru ya Rais. Tarehe 16 Septemba 1966 Met ilihamia jengo jipya la Lincoln Center na opera ya kufungulia iliandikwa na Samuel Barber maalum kwa sauti yake, Antony and Cleopatra. Maonyesho yale yalikuwa na mapambo mengi mno, mashine ya kuzungusha jukwaa ikaharibika, kwenye mazoezi ya mwisho akafungiwa ndani ya piramidi asiweze kutoka, wakosoaji wakaichana opera yenyewe vibaya, ila uimbaji wake wakausifu.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya sitini akapunguza. Akiwa juu kabisa, anapunguza! Maonyesho machache ya opera kwa mwaka, konsati nyingi za yeye na piano, ambazo unaimba kwa kipimo chako mwenyewe, na rekodi. Na zile rekodi ndo tulizobaki nazo sisi wa mbali, Grammy 13 na nyingine ya heshima ya maisha yote. Mkitaka pa kuanzia anzeni na santuri ya Krismasi aliyorekodi na Karajan Vienna mwaka 1961, kwa mwanakwaya yeyote ile ni shule, sikiliza anavyoingia kwenye noti ya juu bila kuipigia hodi, ipo tu ghafla, imetulia, haijasukumwa. Mwalimu wetu wa kwaya nilimpa aisikilize akairudia mara tatu akasema hii ndo ile hewa ninayowaimbia kila siku.

Basi, klipu. Tarehe 3 Januari 1985, Met, usiku wake wa mwisho wa opera, unarushwa kwenye televisheni nchi nzima, amebakiza mwezi mmoja na kidogo atimize miaka 58. Amechagua Aida. Yule mjakazi aliyemkataa 1958 ndo aliyemchagua kuagia, na hapa katikati alishamwimba Met mara zaidi ya arobaini. Sehemu ya tatu, usiku, ukingo wa mto Nile, Aida yuko peke yake anaimba O patria mia, ee nchi yangu, sitakuona tena. Ule wimbo una noti ya juu ambayo masoprano wanaiogopa, ni do ya juu na unaifikia taratibu, huna pa kujificha. Akaipanda. Miaka 57, akaipanda, na akashuka nayo polepole mpaka ikaisha kama pumzi.

Halafu makofi yakaanza, na hayakwisha. Dakika zinapita, okestra imenyamaza inasubiri, na yeye amesimama pale pale alipomalizia, hajainama kushukuru maana bado ni Aida, bado yuko ukingoni mwa Nile, lakini kamera iko usoni kwake na unaona midomo inatetemeka na macho yamejaa na anajikaza.

Aliendelea na konsati mpaka 1997. Na baada ya yale mashambulizi ya Septemba 2001, tarehe 30 mwezi huo, akiwa na miaka 74 na ameshastaafu, alitoka akaimba Carnegie Hall kwenye konsati ya kuwakumbuka waliokufa. Aliimba This Little Light of Mine kwa piano, halafu God Bless America bila ala yoyote. Miaka 74, na bado kulikuwa na kitu ndani.

Sauti yangu ilirudi, siyo yote kwa mara moja. Mwaka jana Juma Kuu nilimwambia mwalimu nitaimba Mkesha na Jumapili moja, Mateso ya Ijumaa nitakaa kwenye benchi na waumini, na harusi nilikataa. Walininunia siku mbili tatu.

Jumatatu ya Pasaka jioni nikamwonyesha mama ile klipu kwenye simu. Yeye hana habari na opera, Kiitaliano hajui, akaweka miwani akaangalia mwanzo mpaka kwenye makofi bila kusema kitu. Akaniuliza, huyu analia nini na watu wanamshangilia? Nikamwambia anaacha, mama, leo ndo siku ya mwisho. Akaniuliza, anaumwa? Nikamwambia hapana, ameamua tu. Akaangalia tena ule uso, akasema, kumbe anafunga na mzigo bado umejaa dukani. Akanirudishia simu niirudishe nyuma, pale anapoanza.